Jengo Hupimwa kwa Mita, Si kwa Ramani

(Maneno yetu katika semina ya kamati za parokia kuhusu majengo ya kitega uchumi)



Parokia kadhaa sasa zinakusudia kujenga maduka na ofisi za kupangisha. Wafadhili wanauliza: tutajuaje kama jengo ni rafiki wa mazingira kweli? Swali ni la haki, na tuna deni la kulijibu.

Jengo letu la kwanza lilitufundisha. Kwenye ramani lilipendeza. Tuliweka vioo vikubwa upande wa magharibi. Jua la alasiri lilipoingia, wapangaji walileta viyoyozi. Mita ya umeme ilikuwa moja, bili ikawa yetu, ikala sehemu ya kodi tuliyoitenga kwa zahanati. Kosa lilikuwa letu wenyewe: tulikagua ramani, hatukulipima jengo.

Vipimo vipo. Uingereza ilianza na BREEAM mwaka 1990. EDGE, ya shirika la IFC, hutaka jengo liokoe angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji na katika athari za vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Ni msaada mkubwa, ila hesabu nyingi hufanywa kabla wapangaji hawajaingia.

Tena, mahali hapafanani. Jengo la Eastgate mjini Harare, kazi ya msanifu Mick Pearce, lilikamilika mwaka 1996. Usiku feni huvuta hewa ya baridi na kuipitisha kwenye zege. Mchana zege hilo hupoza ofisi. Harare usiku huwa na baridi. Pwani, ambako usiku nao una joto, njia hiyo haina nguvu hiyo. Huko kivuli na upepo ndio msaada.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mpangaji awe na mita yake ya umeme na ya maji, isomwe kila mwezi. Pili, mwisho wa mwaka gawanyeni uniti zote kwa mita za mraba za jengo, mlinganishe na mwaka uliotangulia. Tatu, waulizeni wapangaji kuhusu joto, mwanga na hewa.

Hesabu hizo wapelekeeni wafadhili hata zikiwa mbaya. Tulipoeleza kosa letu ndipo tuliposaidiwa kuweka vivuli vya madirisha.