Umri wa kuishi si siku ya kufa

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba tufunge safari hadi Kibondo, kule kwetu kwenye nyanda za juu za Kigoma, nyumbani kwa baba yangu mdogo, ambaye mwaka mmoja aligoma kupanda miti.

Ilikuwa baada ya matokeo ya sensa ya 2012 kutangazwa. Nilikuwa nimempelekea miche mia tatu ya mikaratusi, maana anacho kipande cha shamba mlimani ambacho hata mihogo haikubali. Niliporudi likizo nilimkuta amekaa chini ya mwembe, redio pembeni, miche imekaukia kwenye viriba. Nikamwamkia, nikauliza kulikoni. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, mti huu unataka miaka kumi. Redio imesema Mtanzania anaishi miaka 61. Mimi ninayo 61. Hiyo kumi nitaikopa kwa nani?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu takwimu ile nilikuwa nimeisoma mimi mwenyewe hewani, bila neno la maelezo, nikaendelea na bei ya mahindi.

Wala mzee wangu hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 2012, wakati wa ule ubishi mkubwa wa fao la kujitoa, ninyi wasomaji na wasikilizaji wa mjini mlikuwa na hoja yake ile ile, ila mliivalisha suti. Mlisema: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, wastani wa kuishi haupiti hapo, basi pensheni hii tutaipokea kaburini? Mfanyakazi anaweza kuwa na sababu nyingi nzuri za kudai fedha yake. Hii si mojawapo. Hii ni hesabu iliyokosewa.

Chukua watoto kumi waliozaliwa katika kijiji kimoja. Wawili wanakufa wakiwa wachanga wa miezi sita. Wanane waliobaki wanaishi hadi miaka 70. Jumlisha miaka yote waliyoishi, gawanya kwa kumi, utapata miaka 56 na kidogo. Ndiyo wastani wa umri wa kuishi wa kijiji kile. Sasa niambie, ni nani pale aliyekufa na miaka 56? Hakuna hata mmoja. Na yule anayetimiza miaka 56 leo hajafika mwisho. Amebakiwa na 14.

Jedwali la vifo linafanya hesabu hiyo hiyo kwa mapana. Wataalamu hujiwekea watoto 100,000 wa kufikirika, waliozaliwa siku moja. Wanawapitisha kwenye vifo vya nchi kama vilivyo mwaka ule: mwaka wa kwanza wanakufa wangapi katika kila elfu, wa pili wangapi, hivyo hivyo hadi uzee. Kila mstari unaonyesha waliosalia. Mwisho wanajumlisha miaka yote iliyoishiwa na kundi zima na kuigawanya kwa 100,000. Mstari wa juu kabisa ndio tunaoutangaza redioni, nao unamhusu mtoto anayezaliwa leo. Mzee wa miaka 61 anapaswa kusoma mstari wake mwenyewe, chini kwenye jedwali, na huko ataona bado ana miaka kumi na mitano hivi, pengine zaidi.

Ndiyo maana takwimu yetu ilipanda kwa namna ile. Sensa ya 1988 ilitupa miaka 50. Ile ya 2002 ikatupa 51 tu. Ukimwi ulikuwa umekula faida yote. Ya 2012 ikatupa 61. Wazee hawakuongezewa miaka kumi ya uzee. Kikubwa ni kwamba vifo vya wachanga, kwa makadirio ya sensa hizo, vilishuka kutoka 115 kwa kila watoto elfu wanaozaliwa mwaka 1988 hadi 46 mwaka 2012, na dawa za kufubaza virusi zikawarudisha wazazi vijana kutoka kitandani.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mtu wa mjini hajawahi kuniuliza: "Na hao waliohesabu vifo, hapa kwetu walihesabu lini? Mimi nimezika ndugu wanne, hakuna aliyekuja kuandika."

Hapo alinishika. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alipotengeneza jedwali lake mwaka 1693, alitumia orodha ya mji wa Breslau, ambako mchungaji Caspar Neumann alikuwa amekusanya vifo vyote pamoja na umri wa kila marehemu. Kibondo hatuna orodha ya namna hiyo. Parokia zina vitabu vya wafu wao, hospitali ina chake. Lakini anayefia nyumbani anazikwa kando ya migomba, na cheti cha kifo kinatafutwa siku ndugu wanapogombea mirathi.

Ufundi wa kukadiria bila orodha ulianzia jirani. Mwaka 1948 Mskoti mmoja, William Brass, alikuja Nairobi kufanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki. Alikabidhiwa sensa za watu wasioandika vifo na wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa. Akaona kwamba mama anaweza kujibu maswali mawili: umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi? Kwa akina mama wa miaka 20 hadi 24, sehemu ya watoto waliokufa inakaribia uwezekano wa mtoto kufa kabla ya miaka miwili. Kwa wale wa 30 hadi 34, kabla ya miaka mitano. Kwa watu wazima linaulizwa swali jingine: mama yako mzazi yu hai? Maswali hayo leo yanaulizwa duniani kote penye upungufu wa kumbukumbu, na karani wa sensa amekuuliza wewe pia, ukadhani ni udaku.

Ni akili kubwa, lakini imejengwa juu ya kumbukumbu ya mama. Mama yangu aliwahi kuulizwa mbele yangu. Akataja watoto watano. Sisi tunajua ni saba. Sikumsahihisha, kwa kuwa niliona alivyoutazama mlango. Na yule aliyefariki pamoja na mtoto wake akijifungua, nani atamjibu karani? Umri nao tunauotea. Baba mdogo anajua tu kwamba alikuwa kijana wa ndevu za kwanza Operesheni Kigoma ilipowahamishia vijijini mwaka 1972. Ile 61 yake ilikuwa makadirio, na 61 ya redio ilikuwa makadirio, naye akatoa moja kwa nyingine akapata sifuri.

Linaloniuma zaidi ni hili. Miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kanembwa, Mtendeli na Nduta, wakati huo kote huko ni wilaya ya Kibondo, vifo vya kambini vilihesabiwa. Kipimo kilijulikana: kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku, hiyo ni dharura, watu waamke. Upande wa pili wa barabara, katika kijiji cha wenyeji, hakuna aliyeweza kusema kama kipimo hicho kimepitwa au la. Siwaonei wivu wakimbizi, walistahili kuhesabiwa. Nasi pia.

Maana kuhesabu si kazi ya makarani tu. Katika hospitali ya mkoa, Maweni, Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake walianza kupitia vifo vya akina mama kimoja kimoja, wakiuliza kila kimoja kilisababishwa na nini. Wakachukua hatua 22, nyingi za gharama ndogo. Kati ya 1984 na 1991 vifo hivyo pale hospitalini vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna aliyeanza na jengo jipya. Walianza na daftari.

Kijijini kwetu niliwahi kwenda ofisi moja, sitaitaja, kuomba kuona daftari la vifo. Nikaletewa daftari safi, lenye mistari iliyochorwa kwa rula, ukurasa wa kwanza una majina matatu.

Miche ya pili nilimpelekea baba mdogo masika yaliyofuata, akaipanda. Mwaka juzi ameuza nguzo za kwanza, naye bado anapanda mlima kwa miguu yake. Nilipompigia simu juma lililopita kumweleza kwamba nitamtaja hewani, alisema sawa, ila kwanza nimwandikie majina ya wale ndugu wanne aliowazika. Anataka kuyapeleka kwa mtendaji wa kijiji yeye mwenyewe, na la dada yake aliyefariki na mtoto liwe la kwanza.