Vipele Visivyojulikana Asili Yake kwa Mtoto Mdogo: Mazungumzo kwa Wazazi na Walezi Waishio Uingereza



Mtoto mdogo hutokwa na vipele mara nyingi kuliko mtu mzima, na aghalabu vipele hivyo huondoka vyenyewe bila dawa. Jambo hilo ni la kweli, na ndilo linalowafanya wazazi wengi wachelewe siku ile ambayo kuchelewa hakufai.

Na uchukuliwe mfano wa mama mwenye mtoto wa miaka miwili. Jioni mtoto ana homa, amekataa chakula, na miguuni mwake pameonekana vidoa vichache. Mama anavipiga picha na kumtumia mama yake aliyeko Tanga. Bibi, ambaye amelea watoto wengi, anajibu kwa mapenzi kwamba ni harara tu, mtoto aogeshwe alale. Bibi huyo hana kosa, kwani hakuwa na lolote la kutazama ila picha. Picha haioneshi kama doa hufifia likibonyezwa, haipimi joto la mwili, wala haisikii jinsi mtoto anavyopumua.

Jambo la kwanza la kufanya, basi, ni kumtazama mtoto mwenyewe kabla ya kuvitazama vipele. Mtoto anayecheza, anayekunywa na kukojoa kama kawaida, humpa mzazi nafasi ya kuuliza kwa utulivu. Mtoto aliyelegea, mgumu kuamshwa, anayepumua kwa haraka au kwa taabu, mwenye mikono na miguu ya baridi ilhali mwili una homa, anayekimbia mwanga, mwenye shingo iliyokakamaa, au mchanga ambaye utosi wake umetuna, huyo ni mgonjwa wa dharura, awe na vipele au asiwe navyo. Ipigwe simu 999, au apelekwe mara moja katika idara ya dharura ya hospitali.

Jambo la pili ni jaribio la bilauri. Ichukuliwe bilauri ya kioo kisicho na rangi, ubavu wake ugandamizwe kwa nguvu juu ya vidoa, kisha mtu atazame kupitia kioo. Vidoa vikibaki vilevile bila kufifia, huenda ni dalili ya homa ya uti wa mgongo au ya sumu katika damu. Ipigwe 999 papo hapo. Vikififia, jaribio lirudiwe baadaye, kwa kuwa vidoa vinaweza kubadilika kwa muda mfupi. Wala mtoto aliyezidiwa asisubirishwe vidoa vitokee: huenda vikachelewa, au visitokee kabisa.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa watu wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi huzungumzia wekundu, na michoro yake ni ya ngozi nyeupe. Katika ngozi ya mtoto mweusi wekundu huo huweza kuonekana kama rangi ya kahawia, zambarau au kijivu, au usionekane kabisa. Mzazi na atazame pale ambapo ngozi ina weupe zaidi: viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa la kinywa. Vilevile apapase kwa ncha za vidole. Vipele vya homa nyekundu, kwa mfano, hugusika kama msasa hata pale ambapo jicho haliviona vizuri.

Surua ina mwenendo wake. Huanza kama mafua: homa kali, kikohozi, macho mekundu yenye machozi. Siku chache baadaye vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka mwilini. Wako wazee wanaoshauri mtoto wa surua afungiwe ndani mpaka vipele “vitoke vyote”. Kumtenga na watoto wengine ni sawa, kwani mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada ya kutokea kwake. Kumnyima daktari si sawa. Mzazi apige simu kwanza kituoni kwa daktari wa familia, ili mtoto apokewe mbali na wagonjwa wengine. Chanjo ya surua hutolewa bila malipo, na aliyeikosa utotoni anaweza kuipata hata akiwa mkubwa.

Tetekuwanga huwasha sana, na malengelenge yake hukauka yakafanya magamba. Mtoto asirudi shuleni kabla hayajakauka yote. Parasetamoli ya watoto inafaa kwa homa. Ibuprofeni isitolewe kwa tetekuwanga ila kwa agizo la daktari, na aspirini asipewe mtoto yeyote aliye chini ya miaka 16.

Mabaka yanayovimba na kuwasha ghafla baada ya chakula au dawa huwa ni mzio. Midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, ni 999.

Yapo pia yasiyo na hatari: harara ya mtoto aliyevishwa nguo nyingi mno katika nyumba yenye joto la hita (kosa la kawaida kwa anayeogopa baridi ya ugenini), na ukurutu unaozidi hewa inapokuwa kavu. Kwa hayo mfamasia wa mtaani hutoa ushauri bila miadi. Asipakwe dawa ya meno, wala krimu za kung’arisha ngozi zinazoletwa na wasafiri, kwani baadhi yake zina steroidi kali zisizoandikwa juu ya kasha.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi atafutiwe ushauri mara moja, hata kama ngozi yake ni safi.

Asiye na hakika apige 111, usiku au mchana. Simu hiyo hailipiwi. Anayeogopa kwamba Kiingereza chake hakitoshi asikate simu. Aseme jina la lugha yake tu, “Swahili”, kisha angoje mkalimani aunganishwe.