Walinzi wa Pwani Wanahitaji Daftari Lako

(Hotuba ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa vijiji vya uvuvi)



Leo hatukuja kuwapima kusoma. Mtihani mmekwisha pita na vyeti mnavyo. Tumekuja kuzungumza juu ya kazi ya Walinzi wa Pwani. Mtauliza: mambo ya meli na doria yanahusu nini darasa la ngumbaru? Yanahusu sana. Kalamu mliyojifunza kushika inaweza kumsaidia mtu aliyepotea baharini, hata kabla meli ya doria haijang'oa nanga. Tusikilizane.

WALINZI WA PWANI NI NANI?

Kenya ilipitisha sheria ya kuunda Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka 2018. Rais Uhuru Kenyatta aliizindua huko Liwatoni, Mombasa, tarehe 19 Novemba mwaka huo huo. Kabla ya hapo kazi hizi zilikuwa zimegawanyika. Nyingine zilifanywa na jeshi la wanamaji, nyingine na polisi, nyingine na idara ya uvuvi.

Walinzi wa Pwani si jeshi la kwenda vitani. Kazi yao ni kulinda sheria na uhai katika maji yetu. Huzuia magendo, dawa za kulevya na silaha. Huzuia meli za kigeni zinazoiba samaki wetu. Huzuia watu wanaomwaga mafuta na taka baharini. Na huwatafuta na kuwaokoa waliopatwa na ajali. Wapo pia katika Ziwa Victoria, siyo baharini peke yake.

Sasa angalieni ukubwa wa shamba lao. Kutoka ufukoni mpaka maili 12 za bahari ni maji ya nchi yetu kabisa. Maili moja ya bahari ni mita 1,852, kwa hiyo maili 12 ni kama kilomita 22. Kisha kuna eneo ambalo samaki na mali nyingine ya baharini ni haki ya Kenya. Hilo hufika maili 200, yaani kilomita 370. Kwa urefu, pwani yetu yaanzia Vanga, mpakani na Tanzania, mpaka Kiunga, karibu na Somalia. Shamba kubwa namna hiyo haliwezi kuwa na mlinzi kila pembe. Hilo tulikumbuke, maana ndilo jambo letu la leo.

MAISHA YA DORIANI

Watu wengi hudhani maisha ya meli ya doria ni raha: kula, kulala na kuvaa nguo safi. Wapi! Meli hailali hata watu wakilala. Katika meli nyingi mabaharia hugawana zamu za saa nne nne. Ukitoka zamu unakula, unafua, unalala kidogo, kisha unaamshwa tena, na pengine ni usiku wa manane. Mmoja ameshika usukani. Mwingine anatazama chombo cha rada kinachoonyesha vitu vya mbali. Mwingine anatazama bahari kwa macho, maana mtumbwi wa mbao hauonekani vizuri katika rada kama meli ya chuma.

Kusi ikichafuka, hata baharia mzoefu hutapika. Chumvi inaingia kila mahali. Simu haishiki. Mtoto akiugua nyumbani, baba au mama aliye doriani atasikia baadaye. Ndiyo, wanawake pia wamo katika kazi hiyo.

Wakikuta chombo, hukisimamisha na kukikagua. Huangalia leseni, nyavu, majaketi ya kujiokolea na idadi ya watu. Wakikuta juya au nyavu nyingine zilizopigwa marufuku, hilo ni kosa kwa sheria.

Hapa tuseme ukweli. Wako wavuvi wanaonung'unika kwamba ukaguzi mwingine una usumbufu. Basi kisomo chako ni ngao. Soma leseni yako ujue mwisho wake ni lini. Ukipewa karatasi, isome kabla ya kutia sahihi. Muulize afisa jina lake na uliandike, pamoja na tarehe na mahali. Kama una malalamiko, yapeleke kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Zamani tulikuwa tukitia dole gumba bila kujua karatasi inasema nini. Siku hizo zimepita.

Lakini kumkimbia mlinzi wa pwani kila umwonapo si busara. Huyo unayemkimbia leo ndiye utakayempungia mikono kesho.

BAHARI HAINA NYAYO

Mtu akipotea porini, huacha nyayo. Majani yamelala, tawi limevunjika. Mwindaji hufuata mpaka akamkuta. Baharini je? Mashua ikipita, maji hufunga nyuma yake. Baada ya muda mfupi huwezi kujua kama kuna aliyepita.

Tupige hesabu kidogo, kama tulivyozoea darasani. Tuseme mashine ya mashua imeharibika, na mkondo unaichukua maili moja kila saa. Hatujui ni upande gani. Baada ya saa 3 mashua inaweza kuwa mahali popote ndani ya duara lenye maili 3 kutoka katikati. Duara hilo ni kama maili 28 za mraba. Baada ya saa 6 duara ni kama maili 113 za mraba. Baada ya saa 12 ni kama maili 452 za mraba. Mmeona? Muda ukizidi mara mbili, mahali pa kutafuta panazidi mara nne.

Na namna ya kutafuta ni kama kulima. Meli huenda moja kwa moja, hugeuka, hurudi sambamba na njia ya kwanza, kama mkulima anavyopiga matuta. Kichwa cha mtu majini ni kama kifuu cha nazi. Wimbi likiinuka, hukioni. Basi anayepunguza eneo la kutafuta ndiye anayeokoa. Na eneo hupunguzwa na mtu aliyeko nchi kavu anayeweza kusema: walitoka saa fulani, walikwenda upande fulani, walikuwa wangapi.

Wazee wetu wanajua pepo. Wakati wa kusi upepo na mkondo husukuma kuelekea kaskazini. Chombo kilichoharibika nje ya Shimoni hakitatafutwa upande wa Pemba kwanza. Kitatafutwa kuelekea Mombasa. Lakini mtafutaji lazima ajue kwanza kwamba kilitoka Shimoni, na kilitoka lini.

KISA CHA KWELI KUTOKA MAREKANI

Marekani ina kazi ya ulinzi wa pwani tangu mwaka 1790. Tarehe 18 Februari 1952 kulikuwa na dhoruba kali ya baridi karibu na Cape Cod, mashariki ya nchi hiyo. Meli ya mafuta iitwayo Fort Mercer ilikatika vipande viwili. Ilipiga simu ya upepo kuomba msaada, na walinzi wa pwani wakaenda kuitafuta.

Kumbe siku hiyo hiyo meli nyingine ya mafuta, Pendleton, nayo ilikuwa imekatika vipande viwili hapo karibu. Ilikatika kwa ghafula, haikuwahi kuomba msaada. Watu wake walikuwa wanaelea katika kipande cha nyuma na hakuna aliyejua. Iligunduliwa tu kwa sababu rada iliyokuwa ikitumika kuitafuta meli ile ya kwanza ilionyesha vitu ambavyo havikutarajiwa.

Vijana wanne, wakiongozwa na Bernard Webber, walitoka na mashua ya mbao yenye urefu wa mita 11 tu. Mawimbi yalivunja kioo cha mbele na kung'oa dira. Hata hivyo waliifikia meli na kuwapakia watu 32 katika mashua ile ndogo, wakarudi nao gizani wakiwa hai. Wanne wale walitunukiwa nishani ya dhahabu ya kuokoa maisha.

Sisi tunawasifu kwa ushujaa wao. Lakini tujifunze na jambo la pili. Ushujaa ulianza kazi baada ya habari kupatikana. Watu wanane waliokuwa katika kipande cha mbele, pamoja na nahodha, hawakuokolewa. Ushujaa bila habari ni kama jembe bila mpini.

NA HAPA KWETU AFRIKA MASHARIKI

Turudi karibu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, nchini Tanzania. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Ilibeba watu wengi kupita kiasi hicho, na waliokufa ni mamia. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo familia nyingi hazikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba baba, mama au mtoto alipanda meli ile. Idadi kamili haikujulikana kwa hakika.

Ndugu zetu, mtu asiyeandikwa anapotea mara mbili. Kwanza anapotea majini. Pili anapotea katika hesabu.

TUFANYE NINI?

Tunaomba kila ufuo uwe na daftari moja. Si jambo la kungoja serikali. Daftari la shule na kalamu iliyofungwa uzi vinatosha. Kamati ya ufuo, ile ambayo wengi huiita BMU, ichague mtunza daftari kwa zamu. Kabla ya chombo kutoka, yaandikwe mambo haya sita:

1. Jina la chombo, namba yake na rangi yake.
2. Majina ya watu wote waliomo, hata mtoto na hata mgeni.
3. Mahali wanapokwenda kuvua.
4. Siku na saa ya kutoka.
5. Siku na saa wanayotazamia kurudi.
6. Jina na simu ya mtu wa nyumbani.

Katika saa, tuwe waangalifu. Sisi tunasema saa 11 jioni. Wenye meli huiita saa 17. Kwa hiyo usiandike "saa 11" peke yake. Andika alfajiri, mchana, jioni au usiku, ili anayesoma asikosee.

Chombo kikirudi, nahodha atie alama ya kurudi. Asiporudi kwa wakati, mtunza daftari asingoje kesho. Apige simu polisi, 999 au 112, asome yaliyoandikwa. Polisi watapeleka habari kwa Walinzi wa Pwani na kwa kituo cha uokoaji kilichoko Mombasa tangu mwaka 2006. Chombo chenye simu ya upepo kitumie chaneli 16, ambayo meli husikiliza kwa ajili ya hatari. Asiye na simu ya upepo anyooshe mikono yote miwili pembeni, aipandishe na kuishusha pole pole, tena na tena. Ishara hiyo mabaharia wa dunia nzima wanaijua.

Mama karanga, ninyi nanyi mna kazi. Anayengoja samaki ufuoni ndiye wa kwanza kujua chombo kimechelewa. Mkiona hivyo msinyamaze. Liangalieni daftari, kusoma mnakujua.

Wako wanaoogopa kutoa habari kwa sababu chombo hakina leseni, au nyavu si halali. Wanasema, "Tukiwaita, watatushika." Tunawajibu hivi: faini hulipwa, hata kwa kuchanga. Uhai haulipwi. Toa habari kwanza, kesi itakuja baadaye. Na dawa ya hofu hiyo ni kukata leseni mapema.

Wengine watasema kuandika kurudi kabla ya kwenda ni kujitabiria mabaya. Sivyo. Mwenye kufunga mlango usiku hamwiti mwizi. Tumtegemee Mungu, na kamba ya nanga tuifunge.

Walinzi wa Pwani wana meli, rada na mafuta. Kitu wasichokuwa nacho ni habari ya nani ametoka ufuoni kwetu leo alfajiri. Hiyo tunayo sisi. Tuiandike.



ZOEZI LA KIKUNDI

Soma ukurasa huu wa daftari, kisha ujibu maswali.

Chombo: mashua ya bluu na nyeupe. Watu: 4. Wanakwenda: nje ya mwamba, upande wa kusi. Wametoka: Jumanne saa 10 alfajiri. Watarudi: Jumanne saa 9.

1. Ni mambo gani muhimu ambayo hayakuandikwa?
2. "Saa 9" ni ya mchana au ya usiku? Sahihisha.
3. Kama saa 11 jioni mashua haijarudi, nani apige simu, na aseme nini?
4. Andikeni ukurasa wa kwanza wa daftari la ufuo wenu.