Vumbi la Jirani na Sheria



Jirani akisaga kokoto kwa mashine, au akilundika mchanga pasipo kuufunika, kazi ni yake, lakini vumbi huvuka ua likatua katika maji ya kunywa ya watu wengine, juu ya nguo zilizoanikwa, na katika vifua vya watoto. Vumbi jembamba ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa hufika ndani kabisa ya mapafu. Na vumbi la mawe yenye silika, likivutwa miaka mingi, huyatia mapafu makovu yasiyopona.

Watu wengi hunung'unika tu, wakidhani kwamba sheria huanza kazi baada ya mtu kuugua. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya; na Kifungu cha 70 chasema kuwa mwenye kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba mtu yeyote amepata hasara au madhara.

Lakini sheria haina macho. Yahitaji kupewa habari. Basi, kwanza mwendeeni jirani kwa adabu. Mara nyingi kunyunyiza maji, au kutandaza turubai, hutosha. Asiposikia, andikeni: tarehe, saa, upepo ulitoka upande gani, kazi gani ilikuwa ikifanywa, na nyumba zipi zilifikiwa. Barua isemayo tu kwamba vumbi limezidi haimsaidii afisa; lakini yenye habari za siku kumi humwonyesha saa ya kuja kujionea mwenyewe.

Pelekeni barua kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, kwa maana kuzuia uchafuzi wa hewa ni wajibu wa kaunti, na Sheria ya Afya ya Umma yaruhusu mwenye kosa apewe ilani ya kuondoa kero kwa muda uliowekwa. Nakala ya pili ipelekeni NEMA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa, mkaiweke. Ofisi zikinyamaza, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo yaweza kuusimamisha uchafuzi, na hata kumwamuru afisa wa umma atimize wajibu wake.

Nasi wenye mashamba tukumbuke: shamba lililolimwa likaachwa wazi wakati wa kiangazi hutoa vumbi pia. Mwenye kushtaki na aufunike udongo wake kwanza.