Kijana mbunifu machoni pa wakubwa

Kijana mbunifu huuliza sana, hushikilia wazo lake hata akibaki peke yake, na hachoki kukaa na swali lisilo na jibu. Lakini mtoto anayesifiwa na wakubwa wengi ni msikivu na mtiifu. Mwaka 1962 Jacob Getzels na Philip Jackson, watafiti wa Chicago, Marekani, walilinganisha wanafunzi waliong'ara katika vipimo vya akili na waliong'ara katika ubunifu. Masomoni makundi hayo yalilingana. Hata hivyo walimu walipenda zaidi lile la kwanza. Inasikitisha, kwani wabunifu hao hawakuwa wamezembea darasani. Utafiti wa Westby na Dawson wa mwaka 1995 ulionyesha walimu wakisema wanawapenda wabunifu, huku wanafunzi wao vipenzi wakiwa na sifa tofauti kabisa.