Taya la Mtoto na Kromosomu Iliyokatika
Mhadhara wa umma, Mumias



Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini Mulago, Kampala, akaonyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya kushoto na kulia, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona wa pili huko Jinja. Alipokusanya habari kutoka hospitali nyingi za Afrika, ramani ikaonyesha kwamba uvimbe huo, saratani iitwayo leo limfoma ya Burkitt, hufuata nyanda za joto na mvua, zilezile zenye malaria. Kwetu Kenya ulionekana upande wa Ziwa Victoria na Pwani, ilhali kwenye nyanda za baridi ulikuwa nadra. Mumias imo ndani ya ukanda huo, ndiyo maana nimetaka tuzungumze hapa.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, waliona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho, Epstein-Barr, ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Lakini karibu sote humu tunacho. Huambukizwa kwa mate, na watoto wetu wengi hukipata kabla ya kufika miaka mitatu. Kwa nini basi ni wachache tu wanaougua?

Jibu limo katika kromosomu. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46 zinazobeba jeni zetu. Seli za kinga ziitwazo limfositi B zina desturi ya hatari: ili kutengeneza kingamwili bora, hukata DNA yao zenyewe kwa kimeng'enya kiitwacho AID, kisha huiunga tena. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara huzilazimisha seli hizo kugawanyika na kujikata bila mapumziko. Siku moja mkato huangukia pasipostahili. Kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu ya 14, na jeni MYC, inayoiamuru seli igawanyike, hujikuta kando ya jeni ya kingamwili isiyolala. Ni kama bomba lililounganishwa na tangi lisilo na koki.

Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua. Hapo ndipo kirusi hufanya ubaya wake: protini zake huizuia seli isife. Tena mwaka 2023 watafiti wa San Diego walionyesha, katika seli za maabara, kwamba protini moja ya kirusi hiki, EBNA1, hujikusanya mahali fulani kwenye kromosomu ya 11 na kuivunja. Kwa hiyo kirusi chenyewe kinaweza pia kuvunja kromosomu, si kulinda tu kilichovunjwa na wengine.

Ushahidi wa mchango wa malaria unaonigusa zaidi unatoka kwa watoto wa Afrika Mashariki. Wale waliorithi jeni moja tu ya selimundu, ambao malaria kali huwapata kwa nadra, huugua limfoma ya Burkitt kwa nadra pia. Kwangu mimi hilo linatosha kusema kwamba kumkinga mtoto na malaria ni kumkinga na saratani hii.

Kaunti yetu ya Kakamega ni miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizotangulia kupokea chanjo ya malaria mwaka 2019. Huanza mtoto akiwa na miezi sita. Nawasihi kina mama na kina baba: msiiache dozi ya nne kwa sababu mtoto tayari anakimbia na anaonekana mzima. Na chandarua kibaki kitandani.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu muda. Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya, meno yakilegea, au tumbo likijaa ghafla, asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani, wala asizungushwe kwa waganga wiki nzima. Burkitt mwenyewe aliona baadhi ya watoto wakipona kwa dawa kule Kampala, na leo dawa hizo hutolewa Kisumu na Eldoret. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.