Mwarobaini Ni Mti Mwema, Lakini Homa ya Mtoto Ipimwe Kwanza

Haya ni maneno ya mfamasia wa kaunti ndogo, aliyoyatoa katika baraza la afya lililowakutanisha wakazi, wazee wa kijiji na waganga wa mitishamba. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Leo sikuja na dawa mkobani. Nimekuja kuzungumza juu ya dawa ambayo wengi wenu mnayo uani. Hata mti huu unaotupa kivuli sasa ndio wenyewe: mwarobaini, au kama wengine wanavyouita, mkilifi. Jina lake linatuambia wazee wetu waliuona vipi: kwamba hutibu maradhi arobaini.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi. Katika tiba ya kale ya huko, Ayurveda, unaitwa nimba, na kwa karne nyingi matabibu wake wameutumia kwa upele, vidonda, meno, minyoo na homa. Ulivuka bahari pamoja na wahamiaji, ukaipenda Pwani kwa sababu hustahimili jua na ukame. Sasa ni wetu.

Kwa hiyo sikuja kuutukana mwarobaini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili, na waganga mlioketi hapa mbele ni wenzetu katika kazi. Swali langu ni moja tu: katika hayo maradhi arobaini, yapi tuuachie mti, na yapi yatatuulia watoto tukiyaachia mti?

Nianze na yale unayoyaweza. Kwanza ni ngozi. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti kutoka India juu ya watu 814 wenye upele. Walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano, na watu 97 katika kila 100 walipona kwa siku 3 hadi 15. Ulikuwa utafiti wa mwanzo, hata hivyo unaonyesha kwamba bibi zetu hawakuwa wakibahatisha. Pili ni meno: mswaki wa kijiti chake husafisha kinywa. Tatu ni wadudu. Mafuta yake yakichanganywa na mafuta ya nazi hufukuza mbu kwa muda, ingawa chandarua kibaki pale pale kitandani. Na ndani ya mbegu zake mna kemikali iitwayo azadirachtini, ambayo huwazuia wadudu kula na kukua. Ndiyo maana mkulima akiweka majani makavu ghalani, mahindi na kunde hupata nafuu.

Mmesikia nilivyotaja: ngozi, meno, mbu, ghala. Karibu yote hayo ni nje ya mwili. Shida huanza pale tunapouingiza mwarobaini tumboni, hasa tumbo la mtoto.

Niwaambie yaliyonipata mimi. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa. Mama yangu akachemsha majani, tukamnywesha na kumwogesha. Asubuhi homa ikashuka, tukamshukuru Mungu. Usiku ikarudi. Siku ya pili tukafanya vile vile, na ya tatu pia. Usiku wa siku ya tatu akapata degedege. Jirani akasema ni nyuni, atafutwe wa kumtoa. Mume wangu hakungoja, alimbeba kwa bodaboda hadi hospitali. Kumbe ilikuwa malaria, nayo ilikwisha panda kichwani. Alilala wodini wiki mbili. Yuko hai, lakini sikio moja halisikii mpaka leo.

Wakati huo cheti changu cha famasia kilikuwa tayari kimetundikwa ukutani. Simlaumu mama yangu, maana alifanya alichofundishwa na mamake. Mimi ndiye niliyejua na nikanyamaza, kwa sababu homa ilikuwa ikishuka.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, mti upo au haupo. Ikishuka tunasema dawa imefanya kazi, na kumbe vijidudu vinaendelea kuzaana katika damu. Malaria ya aina iliyo nyingi kwetu inaweza kumuua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili tangu izidi.

Mtaniuliza, je, si kweli kwamba mwarobaini unaua vijidudu vya malaria? Katika chupa ya maabara, ndiyo, umeonekana kuvidhuru. Lakini chupa si damu ya mtoto. Hakuna anayeweza kuniambia ni majani mangapi, ya mti upi, yachemshwe kwa muda gani, kwa mtoto wa kilo ngapi. Dawa ya AL mnayopewa zahanati, nayo chanzo chake ni mmea, pakanga ya Kichina. Kwinini ilitoka katika magome ya mti. Tofauti ni kwamba kilichomo kimetolewa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa watu, na dozi ikajulikana: mara 6 kwa siku 3, kwa uzito wa mgonjwa.

Sasa niwataje wanne ambao wasinyweshwe mwarobaini kabisa.

Wa kwanza ni mtoto mchanga, na hapa nasema hasa juu ya mafuta ya mbegu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani. Kwa muda wa saa chache walianza kutapika, wakalegea kwa usingizi, wakapata degedege, na ubongo na ini vikadhurika. Kiasi kilichowadhuru kilikuwa kama kijiko au viwili vya chai tu. Mafuta hayo ni ya kupaka, na chupa yake iwekwe mbali na watoto.

Wa pili ni mama mjamzito, au anayetafuta mtoto. Huko India mafuta haya yamechunguzwa kama njia ya kuzuia mimba, na kwa wanyama yameonekana kuharibu mimba. Mama mjamzito mwenye homa aende kliniki siku hiyo hiyo.

Wa tatu ni mgonjwa wa kisukari aliye kwenye vidonge au insulini. Mwarobaini unaweza kushusha sukari. Ukiuongeza juu ya dawa za hospitali, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia.

Wa nne ni yule asiye na hakika na mti wenyewe. Kuna mti unaofanana nao, melia, ambao matunda yake ya manjano yana sumu. Mkitaka kuutambua, angalieni jani: la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, la melia limegawanyika tena na tena.

Waganga wetu, kwenu nina ombi moja. Mama akija kwenu na mtoto mwenye homa, mwambieni apite zahanati kwanza atolewe tone la damu. Majibu hutoka kwa muda wa robo saa hivi. Mkimwona mtoto hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea asiamke au anapumua kwa shida, msimguse. Mtafutieni usafiri, hata kama ni usiku wa manane.

Na ninyi wazazi, mkifika hospitali semeni mlichomnywesha mtoto, na mara ngapi. Msione haya. Daktari akijua ataokoa muda, na muda ndio uhai wa mtoto. Nasi wahudumu tuna wajibu wa kupokea maneno hayo bila kumgombeza mtu. Nimeona kina mama wakificha kwa kuogopa kukaripiwa, na hilo ni kosa letu sisi.

Msiukate mwarobaini. Upandeni, upakeni, pigieni mswaki, hifadhini nafaka. Ila homa ya mtoto ipimwe kwanza, na ipimwe siku ile ile.

Sasa nangoja maswali yenu, na nitaanza na bibi yule aliyekuwa akitikisa kichwa tangu nianze.